Baba amekatwa zaidi ya nusu ya ini: dawa zipi aache, zipi asiziache?

"Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 54, tunaishi Mufindi, na karibu maisha yake yote amefanya kazi kwenye mashamba ya chai. Wiki sita zilizopita alipasuliwa Dar es Salaam, wakatoa uvimbe wa saratani pamoja na zaidi ya nusu ya ini. Tuliambiwa ini litakua tena. Alirudi na vidonge vya tenofoviri kwa kuwa ana virusi vya homa ya ini B. Baba mdogo alisoma kopo akasema hizo ni ARV, na kwamba dawa za hospitali zinachosha ini, liachwe lipumzike lichipue lenyewe kama chai iliyopogolewa. Baba ameacha kumeza, leo siku ya 12. Sasa anakunywa dawa ya mitishamba ya kuotesha ini, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Kwa kuwa amekonda sana, wiki mbili hizi tumemnunulia na vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Bega la kulia linamuuma usiku, anameza diklofenaki. Majirani wamemkataza nyama na maharage. Jioni anaomba glasi moja tu ya ulanzi, pombe ya mwanzi, anasema ni wa asili hauna kemikali. Je, dawa zipi zinasaidia ini kukua na zipi zinalizuia? Na kweli litakua lote?"

Marahaba, binti yangu. Kamwene, na pole kwa kuuguza. Nimelisoma swali lako mara mbili. Kabla sijaeleza lolote, kuna jambo la leo hii: baba arudie tenofoviri yake, kidonge kimoja kwa siku kama alivyoandikiwa. Kama aliwahi kuambiwa figo zake zina kasoro, au siku hizi mkojo umepungua, apimwe figo kwanza, na hiyo ni kazi ya saa chache hospitalini, si sababu ya kungoja wiki nyingine. Diklofenaki aiache leo. Dawa ya mitishamba aiache leo. Vile vidonge vya hamu ya kula avisimamishe pia, ila pakiti usiitupe, nitakwambia kwa nini.

Naona mlichokifanya nyumbani, na sikulaumu hata kidogo. Mmefuata wazo linaloonekana la busara: ini ni kiungo cha kuchuja dawa, limekatwa, basi tulipunguzie mzigo. Tatizo ni kwamba mmeondoa dawa moja iliyokuwa inalilinda, mkaingiza tatu zinazolielemea. Na wazo lenyewe limeanzia mahali pamoja, ule mfano wa chai. Tuanze hapo.

Baba yako anaijua chai kuliko mimi. Ukipogoa mchai, chipukizi hutoka pale pale kwenye tawi lililokatwa, na baada ya muda kichaka kinarudi na umbo lake. Ini halifanyi hivyo. Pale mpasuaji alipokata pataziba na kubaki kovu, hakuna kipande kipya kitakachoota hapo. Kinachotokea ni kwamba sehemu iliyobaki inanenepa. Seli zake, ambazo kwa mtu mzima huwa zimelala bila kugawanyika kwa miezi mingi, zinaamka, zinaongezeka ukubwa na kugawanyika, mpaka ujazo wa ini unakaribia kulingana tena na mahitaji ya mwili. Ndiyo maana hata baada ya miaka miwili, baba akipigwa ultrasaundi, ini lake litaonekana na umbo geni. Msishtuke. Kazi ndiyo muhimu, umbo si kitu.

Litakua lote? Panya wa maabara akitolewa theluthi mbili ya ini, anarudisha uzito wake kwa siku saba mpaka kumi hivi. Jambo hilo limechunguzwa kwa utaratibu tangu mwaka 1931, wakati Higgins na Anderson walipoeleza namna ya kulikata ini la panya ili kulitazama likikua. Binadamu ni mpole zaidi. Wiki mbili za kwanza ndizo zenye kasi kubwa, kufikia miezi mitatu wengi wameshapata sehemu kubwa ya ujazo waliopoteza, kisha ukuaji unaendelea taratibu hadi mwaka. Si wote wanaofikia asilimia mia, na hawahitaji kufikia. Mtu mwenye ini lisilo na makovu anaweza kuishi akibakiwa na robo hivi ya ini lake. Mwenye makovu mengi, yale yanayoletwa na virusi au pombe kwa miaka, wapasuaji hutaka abaki na asilimia 40 hivi, kwa sababu ini lenye makovu hukua kwa shida. Kama walikubali kumtoa baba zaidi ya nusu, ina maana walilipima kwanza wakaona linalobaki linamtosha. Hilo lisikunyime usingizi.

Sasa nani anaziambia seli ziamke? Hapa ndipo jibu la swali lako la dawa lilipo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ini hupata damu kwa njia mbili, na karibu robo tatu yake huingia kwa mshipa mkubwa unaokusanya damu kutoka tumboni: matumbo, wengu na kongosho. Mshipa huo haukukatwa. Siku ya upasuaji, damu ile ile iliyokuwa ikipita kwenye ini zima ikalazimika kupita kwenye kipande kilichobaki. Msukumo unaongezeka, kuta za mishipa midogo zinasuguliwa, na huo msuguano ni taarifa ya kwanza kwamba nyumba imepungua watu. Ndani ya saa chache, seli za ulinzi zinazokaa ndani ya ini hutoa kemikali zinazoitwa TNF na interlukini 6. Ni kemikali zile zile zinazohusika na homa na uvimbe mwilini. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba panya asiyeweza kutengeneza interlukini 6 ini lake linashindwa kukua vizuri baada ya kukatwa. Kwa hiyo si kila "kuvimba" ndani ya mwili ni adui. Kuvimba kidogo, kwa muda mfupi, ndiko kunakoziamsha seli.

Kuamka si kugawanyika, lakini. Seli iliyoamka inangoja homoni za ukuaji. Yenye nguvu kuliko zote inatoka ndani ya ini lenyewe, kwa seli jirani zinazoishi kwenye kingo za mishipa. Nyingine zinatoka mbali: homoni ya mshtuko inayotolewa na neva na tezi zilizo juu ya figo inaongeza makali ya zile za kwanza, homoni ya dundumio, tezi ya shingoni, inasaidia, asidi za nyongo nazo zikirudi kutoka matumboni zinatoa taarifa. Mwaka 2006 kundi la watafiti wa Zurich lilionyesha katika panya kwamba hata chembe sahani, zile za kugandisha damu, zina mchango, kwa sababu zinabeba serotonini, na zikipungukiwa nayo ini linachelewa. Mwisho, ini likikaribia ukubwa unaotakiwa, kemikali nyingine hutoka kuzizima seli zilale tena. Kwa kweli mimi kinachonishangaza zaidi, baada ya miaka yote hii, ni huko kuzima. Ini linajua pa kuishia.

Nimeiacha kwa makusudi insulini, maana ndiyo iliyo mikononi mwenu. Miaka ya 1960 na 1970, Thomas Starzl, mpasuaji wa Marekani aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa ini kwa binadamu mwaka 1963, alikuwa akichunguza mbwa. Yeye na wenzake waligawa damu inayoingia kwenye ini: upande mmoja ukapata damu iliyotoka kwenye kongosho, upande wa pili ukapata damu kutoka kwingine. Upande wa kongosho ukastawi, wa pili ukanyauka. Kitu kikuu kilichokuwa ndani ya damu ile kilikuwa insulini. Na insulini hutoka lini? Mtu anapokula. Kila baba anapokula uji, ndizi au maharage, kongosho linatoa insulini, na kabla haijafika kokote mwilini inapita kwanza kwenye ini. Chakula, basi, kinaleta malighafi na kinabeba taarifa ya kukua kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo majirani wamekosea kumkataza maharage na nyama, na naomba uwaambie kwa upole. Seli haziwezi kugawanyika bila protini. Baba anahitaji protini zaidi ya alivyohitaji kabla ya kupasuliwa, kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa lugha ya jikoni: maharage kila siku, mayai mawili, maziwa au mtindi, dagaa au kipande cha nyama au kuku, juu ya ugali, viazi au wali wake wa kawaida. Parachichi linasaidia sana kwa mtu aliyekonda, na huko kwenu halipungui. Ale kidogo kidogo mara tano au sita. Na kabla ya kulala ale tena, hata kikombe cha uji wa maziwa, kwa sababu ini dogo halina ghala kubwa la sukari la kumfikisha asubuhi, na likiishiwa mwili unakula misuli yake wenyewe. Kukonda unakokuona sehemu yake ni huko.

Nikiwa kwenye chakula, neno moja kuhusu mahindi na karanga. Ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hutengeneza sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa mwenye virusi vya homa ya ini B ni hatari mara dufu, kwa kuwa viwili hivyo vikikutana uwezekano wa saratani ya ini unapanda sana kuliko kila kimoja peke yake. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe, karanga zilizosinyaa na kubadilika rangi zitupwe, na msimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu inapita kwenye maziwa.

Sasa dawa. Nianze na tenofoviri kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikujibu haraka.

Baba mdogo hakusema uongo kuhusu kopo. Tenofoviri ni moja ya dawa zinazotumika ndani ya mchanganyiko wa ARV. Lakini virusi vya homa ya ini B navyo vinazaliana kwa njia inayofanana kiasi kwamba dawa hiyo hiyo inavizuia, na kwa homa ya ini B inatumika peke yake. Mwenye VVU hutumia mchanganyiko, si hiyo pekee, ndiyo maana mgonjwa hupimwa VVU kabla ya kuanzishiwa. Naelewa aibu inavyofanya kazi. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU kuliko mingine Tanzania Bara, na hakuna nyumba ambayo haijaguswa. Kopo lenye jina hilo mezani linazua maneno. Hamisheni vidonge kwenye chombo kingine chenye mfuniko kama maneno yanamuumiza, karatasi ya maelekezo ikae ndani yake, lakini asiache.

Akiacha kinatokea nini? Virusi vilivyokuwa vimebanwa vinaanza kuzaliana tena, halafu kinga ya mwili inavigundua na kuzishambulia seli za ini zilizovibeba. Mlipuko huo mara nyingi huja wiki kadhaa au miezi kadhaa baada ya kuacha, wakati mgonjwa ameshajiona yuko salama. Kwa mtu mwenye ini zima ni hatari. Kwa mtu mwenye nusu ya ini, ambalo seli zake ziko katikati ya kazi ya kugawanyika, unaweza kumuua. Nilishampokea baba mmoja wa umri kama huo, aliyeacha dawa miezi miwili kwa ushauri wa watu waliompenda. Alifika macho yakiwa ya manjano kama iliki iliyokauka na hakumtambua mkewe. Siku 12 ni chache, binti yangu. Bado mko ndani ya muda. Isitoshe, kwa mgonjwa aliyetolewa saratani iliyoletwa na virusi hivi, kuvibana kunapunguza uwezekano wa saratani kurudi.

Diklofenaki. Ile kemikali ya kuvimba niliyosema inaziamsha seli hufanya kazi pamoja na nyingine zinazoitwa prostaglandini, na diklofenaki na ibuprofeni huondoa maumivu kwa kuzizima hizo. Kwa wanyama wa maabara, kuzizima kumeonekana kuchelewesha ukuaji wa ini. Kwa binadamu sidhani kwamba vidonge vichache vimeharibu lolote hapo, na nisingependa ubebe hofu hiyo. Sababu yangu kubwa ni nyingine. Diklofenaki yenyewe inaweza kuunguza ini, inachubua tumbo la mtu ambaye damu yake huenda haigandi vizuri, na inabana figo. Tenofoviri nayo hutolewa na figo. Mbili hizo zikikaa pamoja kwa wiki kadhaa zimewahi kuua figo za watu. Ndiyo maana nataka figo zipimwe.

Na bega lenyewe? Neva inayohudumia kiwambo, ule msuli wa kupumulia unaokaa juu ya ini, inaanzia shingoni mahali pamoja na neva za bega. Kiwambo kikikereka, mtu anasikia maumivu begani ingawa bega halina kitu. Siku za mwanzo baada ya upasuaji ni jambo la kawaida. Wiki ya sita, tena usiku, silipendi. Huenda ni kiwambo tu bado kinapona, lakini huenda pia kuna maji, nyongo au usaha umejikusanya chini yake, na diklofenaki inaficha homa ambayo ingewashtua. Aende akapigwe ultrasaundi wiki hii.

Kwa maumivu ninampendelea parasetamoli, na najua nikisema hivyo wengi wanashtuka kwa sababu wamesikia inaua ini. Inaua ini kwa kuzidisha. Sehemu kubwa ya parasetamoli hutolewa mwilini bila madhara. Sehemu ndogo ini huigeuza kuwa sumu, na papo hapo huizima kwa kitu kinachoitwa glutathioni. Mtu aliyekonda, asiyekula vizuri au anayekunywa pombe ana akiba ndogo ya glutathioni. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya huruhusiwa gramu nne kwa siku, ila baba, mpaka daktari wake aseme vinginevyo, asizidishe gramu mbili, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 kwa saa 24, kimoja kimoja kikiachana saa sita. Angalieni dawa za mafua na vidonge vya maumivu vya mchanganyiko: nyingi zina parasetamoli ndani, na mtu hujikuta amemeza mara mbili bila kujua. Tramadoli inawezekana, ila kwa ini dogo inakaa mwilini muda mrefu, inafunga choo na kulewesha, hivyo iandikwe na daktari kwa dozi pungufu.

Vidonge vya hamu ya kula ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi baada ya tenofoviri kuachwa. Vingi vinavyouzwa vichochoroni kwa kunenepesha huwa na deksamethasoni au prednisoloni, mara nyingi pamoja na siproheptadini. Soma pakiti. Ukiona jina mojawapo la yale mawili ya kwanza, hiyo ni steroidi. Inazizima TNF na interlukini 6, inapandisha sukari, inafanya kidonda kichelewe kupona, na uso unaojaa ni maji na mafuta, misuli inaendelea kuisha. Baya kuliko yote, steroidi inalegeza kinga inayovibana virusi vya homa ya ini B, navyo vinapata nafasi ya kuibuka. Baba ameacha tenofoviri na huenda anameza steroidi wakati mmoja. Unaona kwa nini nataka pakiti hiyo uende nayo hospitali. Mtaniambia kwamba wapasuaji wenyewe hutoa deksamethasoni siku ya upasuaji. Ni kweli, dozi moja au mbili kwa kutuliza uvimbe uliopitiliza, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Kumeza kila siku nyumbani ni jambo jingine kabisa. Kwa wengine wanaonisoma: aliyemeza steroidi zaidi ya wiki tatu asisimamishe ghafla bila daktari, maana mwili wake unakuwa umeacha kutengeneza ya kwake.

Dawa ya kuotesha ini sijui ina nini, na hata aliyeiuza huenda hajui kiasi cha kila kitu kilichomo. Siidharau miti. Dawa nyingi tunazotumia zilianzia kwenye mimea. Lakini mimea inayounguza ini ipo, ikiwamo mingine inayoziba mishipa midogo kabisa ya ini, ile ile ambayo damu yote inapaswa kupita wakati huu. Hata mshubiri, unaosifiwa kwa kila ugonjwa, umeshawapa watu homa ya ini. Na kuna hoja ambayo naomba umfikishie baba mdogo. Tuseme dawa hiyo kweli ina nguvu ya kuzilazimisha seli kugawanyika. Baba alikuwa na saratani. Kemikali zinazoamrisha seli za ini kukua ndizo hizo hizo seli za saratani hupenda, na kama kuna moja iliyojificha itakuwa ya kwanza kunufaika. Dawa kama hiyo ingekuwa na nguvu kweli, ningeiogopa zaidi. Mpaka leo hakuna kidonge ambacho madaktari popote humpa mgonjwa ili ini liote haraka, pamoja na kemikali zote zile zinazojulikana kwa majina. Mwili una homoni zake, zinatoka kwa mpangilio na kuzimwa kwa mpangilio. Kazi yetu ni kuzilisha na kutoziingilia.

Ulanzi ni mtamu na ni wa kwetu, nami nimekulia kando ya mianzi. Lakini kinacholewesha ndani ya ulanzi ni alkoholi, kemikali ile ile iliyo kwenye bia na gongo. Alkoholi inazizuia seli za ini kugawanyika, inamaliza glutathioni, na inaharakisha makovu kwa mwenye homa ya ini B. Hapo sina kiasi cha kumruhusu. Togwa isiyochacha anywe. Hata ulanzi mbichi wa asubuhi nisingeuruhusu, maana unaanza kuchacha ungali kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kuukingia, na ni nani atakayepima?

Vipimo ninavyotaka wiki hii ni hivi: vya ini pamoja na bilirubini, kipimo cha kuganda kwa damu, figo, sukari, wingi wa damu, na ultrasaundi ya tumbo na chini ya kiwambo. Hospitalini Mafinga, huko kwenu, wanaweza kuanza na vingi kati ya hivyo, na kinachokosekana mtaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kipimo cha wingi wa virusi kichukuliwe pia, hata kama majibu yatachelewa. Tenofoviri isingoje majibu hayo. Waliompasua Dar es Salaam wapigieni simu, wana picha za ini lake na wanajua kilichobaki.

Kuna dalili ambazo hazisubiri kipimo cha wiki hii wala gari la kesho: macho kuwa manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, tumbo kujaa maji, homa yenye kutetemeka, kutapika damu au choo cheusi kama lami, mkojo kupungua sana, au baba kuanza kulala mchana na kukesha usiku, kusahau, kuongea vitu visivyoeleweka. Hiyo ya mwisho familia nyingi huidhania uchovu au mambo ya kurogwa. Ni ini linaloshindwa kusafisha damu, na inatibika ikiwahiwa. Mpelekeni saa hiyo hiyo.

Nikwambie na lililo gumu, maana umeuliza kwa moyo wote na huna haja ya kufichwa. Ini kukua ni nusu ya safari. Saratani ya ini hurudi kwa zaidi ya nusu ya waliopasuliwa, ndani ya miaka mitano. Ikigunduliwa ikiwa ndogo, mara nyingi kuna la kufanya. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu au minne kwa miaka ya mwanzo, baba anapaswa kupigwa picha ya ini na kupimwa damu kwa ajili ya kiashiria cha saratani, hata akiwa amenenepa na amerudi shambani. Wengi hupotea kliniki pale wanapojisikia vizuri.

Na wewe je, umepimwa? Virusi vya homa ya ini B huenea kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, na ndani ya nyumba kwa wembe au mswaki wa kuchangia. Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo, mama yako na huenda wewe na ndugu zako wakubwa, hawakuipata utotoni. Siku mtakayompeleka baba Mafinga, pimweni wote kwa pamoja. Asiye na virusi wala kinga achanjwe dozi tatu. Akikutwa navyo mmoja wenu, aanze kliniki sasa, wakati ini lake bado ni zima. Baba mdogo naye aje, asimame mbele ya mfamasia na kopo lile mkononi, aulize yote aliyo nayo.